Msafiri Aliyeishia Njia Panda

Benchi letu limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi viatu, mkabala na kituo cha mafuta kilichofungwa. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na upande wa kushoto unacheza, kwa hiyo anayekaa mwisho huo hujifunza unyenyekevu. Chupa ya kahawa ni ya Fundi, vikombe ni vinne, sukari kila mtu na bahati yake. Fundi hushona huku akisikiliza, misumari mdomoni, ndiyo maana anaongea kidogo na kuaminika kuliko sisi. Kando yake hukaa Rubani, ambaye hajawahi kupanda ndege; aliendesha lifti ya hospitali miaka ishirini, ghorofa sita, kupanda na kushuka, na jina likamganda. Kisha Kipimo, fundi mwashi, asiyeweza kutaja kitu bila kutaja urefu wake. Wa mwisho ni mimi, dobi wa mtaa huu. Wananiita Msafiri. Jina hilo sikulipata kwa haki, na kwa kuwa nimekusudia kusema kweli, heri niseme mapema kabla hujanipenda.

Zamani, nikiwa natafuta mke, nilimwambia binti mmoja kwamba nimezunguka pwani yote kwa mabasi, mji hadi mji, bila kuomba gari la mtu. Nilimtajia majabali meupe, mnara wa taa wenye ngazi mia na kumi na mbili, na kivuko kinachobeba mabasi kwenye mdomo wa mto, pamoja na mzee wake aliyeniimbia. Ukweli ni huu: nilimsindikiza kaka yangu stendi, nikapanda basi kumpangia mizigo, basi likaondoka nami. Kondakta akanishusha njia panda ya kwanza. Pale niliiona bahari kwa mbali, nyembamba kama upindo wa shuka, nikarudi nyumbani kwa miguu. Mengine yote nilisimuliwa na kaka, nami nikatia chumvi yangu. Yule binti akakubali kuolewa. Kila ninaposali natubu hasira, natubu uvivu, natubu hata mashati ya watu niliyoyaunguza, lakini hili nalipita kimya, kama mtu anavyopita mlango wa jirani aliyenuniana naye.

Mwaka huu watoto wote wameshaondoka nyumbani, na mke wangu, anayeshona sare za shule, amemaliza msimu wake. Akasema, baba watoto, nipeleke ukanionyeshe. Siku tatu, kwa mabasi yale yale. Mara mbili nimeahirisha, mara zote kwa kisingizio nilichookota hapa benchini. Safari hii hakuningoja, amekata tiketi mwenyewe. Kesho alfajiri. Viatu vyake vya safari vilikuwa kwa Fundi, soli zimeachia, na alisema atapita kuvichukua. Basi nikafika benchini na haja moja tu: nipate kisingizio cha tatu.

— Wazee wenzangu, nikasema, kesho naondoka na mke wangu. Mna neno?

— Lipo, akasema Rubani. Viti vyenu viko upande gani?

— Sijui. Upande wowote.

— Mnamsikia? Msafiri mzima! Sikiliza. Ukienda, bahari iko kulia. Ukirudi, bahari iko kushoto. Sasa niambie, hiyo ni bahari moja?

— Ni moja, akasema Kipimo. Wewe ndiye umegeuka.

— Nimegeuka wapi na mimi nimekaa? Lifti ikipanda uso wangu uko mlangoni. Ikishuka, uso wangu uko mlangoni. Kitu kikihama upande, kimehama chenyewe. Kule kuna bahari mbili, bwana, ila abiria hawaambiwi, wasije wakataka kuonyeshwa zote kwa tiketi moja.

— Haya, ziwe mbili, akasema Kipimo. Tatizo si bahari, tatizo ni mlalo. Ile barabara imechongwa ubavuni mwa jabali, upana mita tano na nusu. Basi likifika penye mandhari, watu wote wanakimbilia madirisha ya kulia. Basi linalala sentimita kumi na nane.

— Ulipima lini?

— Kwa jicho. Ndiyo maana makondakta wa kule hawakagui tiketi kwanza, wanakagua uzito. Wanene wote upande wa jabali. Sasa shemeji yetu, kwa heshima zote…

— Ishia hapo hapo, nikamwambia.

— …atakaa upande wa jabali, na bahari atasimuliwa.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Hicho kilikaribia kuwa kisingizio, isipokuwa sikuona namna ya kukipeleka nyumbani nikabaki na meno yangu.

Fundi akatema misumari kiganjani.

— Nyinyi mnaongea viti. Basi lenyewe linaondoka saa ngapi?

— Saa kumi na mbili. Imeandikwa kwenye tiketi.

— Imeandikwa! Hilo la hapa, sawa. Ukishafika kule ukabadilisha, mabasi hayaendi kwa saa, yanaenda kwa maji. Barabara inapita mchangani. Maji yakijaa, dereva anazima injini, anajifunika gazeti usoni. Maji yakitoka, anawasha. Mnaweza kukaa kituoni siku mbili mnasubiri bahari ipishe.

— Na anajuaje kama maji yametoka, uso uko ndani ya gazeti?

— Kaa.

— Kaa gani?

— Kaa wa baharini. Maji yakitoka wanapita chini ya basi, wanagonga rimu. Ko, ko, ko. Anaamka.

— Kaa wanamwamsha dereva! Kipimo akapiga paja.

— Dereva wa huku hawezi kuwasikia, akasema Fundi. Masikio yake yameharibiwa na honi.

— La kaa nalikubali, akasema Rubani, na hakuna aliyejua kwa nini alikubali lile akakataa bahari moja. Kinachonitisha mimi ni mnara. Ule mnara wa taa hauangalii meli. Meli siku hizi zina mitambo yake. Ule unahesabu mabasi. Mwanga ukizunguka ukawapiga, mmeandikwa mmepita. Usipowapiga, kule mbele wanasema hamjafika. Na mtu ambaye hajafika hateremshwi.

— Hata kama basi limefika?

— Hata kama limefika. Mtazungushwa tu, mpaka mwanga uwaone. Si kweli, Msafiri? Wewe ngazi zake ulizipanda.

— Mia na kumi na mbili, Kipimo akasema kwa heshima. Kila moja sentimita kumi na tisa. Nilishapiga hesabu.

Nikanywa kahawa ili mdomo upate kazi.

— Mambo yamebadilika siku hizi, nikasema.

Sentensi hiyo imenihifadhi miaka mingi. Yeyote akinibana habari za pwani, naitoa. Wazee wakaitikia kwa vichwa, kama watu waliopewa siri.

Hapo akaja mke wangu. Aliwasalimia wote, akauliza viatu. Fundi akasema bado kimoja, dakika tano. Kipimo akanyanyuka kumpisha, mimi nikasogea, naye akakaa karibu yangu, kwenye ule upande unaocheza.

— Mnamfundisha njia, shemeji zangu? Huyu hafundishwi. Mie ndiye wa kufundishwa namna ya kukaa kimya nisimtie aibu.

Wakacheka. Mimi nikacheka pia, na kicheko changu nikakisikia kibaya.

Kabla hakijaisha, mwanamke mmoja akasimama mbele yetu na sanduku kubwa ambalo kishikio chake kimeng'oka. Alivaa koti jeupe la kazi, amelikunja mikono. Akalitua sanduku taratibu, mkono mmoja kwenye nyonga.

— Shikamooni, wazee. Fundi, naomba unisaidie. Mimi ni mkunga, nimehamishiwa zahanati ya pwani, ng'ambo ya mto. Nasafiri kesho na hili, vifaa vyangu vyote vya kazi vimo humu.

Benchi zima likakaa vizuri. Rubani akafunga kifungo cha juu cha shati.

— Dada, akasema, umefika kwa wenyewe. Sisi pwani tunaijua kama chumba cha kulala.

— Afadhali! Nimeuliza mtaa mzima, kila mtu anasema sijui. Nina swali dogo tu. Basi likifika kivukoni, abiria mnashuka na kuvuka kwa miguu, au mnavuka mmekaa ndani? Maana kama mnashuka, Fundi anitilie mikanda ya mgongoni. Nyonga hii hainiruhusu kuburuta sanduku mchangani. Kama mnavuka ndani, anirudishie kishikio tu, inatosha.

Fundi sindano ikabaki hewani.

Rubani akatazama ndani ya kikombe chake kana kwamba jibu limezama humo.

— Kivuko chenyewe, akaanza Kipimo, kina urefu wa… Akanyamaza. Nimekaa naye miaka mingi, sijawahi kumwona akikosa urefu.

— Fundi? akauliza mkunga.

— Mimi, dada yangu, habari zangu zinaishia kwenye kaa.

Mke wangu akacheka.

— Wanakutania hawa. Muulize mume wangu. Amevuka pale mara mbili, kwenda na kurudi.

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema mnashuka. Ningeweza kusema mnavuka ndani. Ni mambo mawili tu, mtu ana nusu ya bahati, na kwa nusu hiyo nilikwishaponea mara nyingi. Lakini macho yangu yakaenda kwenye ule mkono ulioshika nyonga. Huyu mama angeshonesha sanduku lake kwa kufuata uongo wangu, akaenda nao mpaka majini. Nikaomba moyoni Mungu anionyeshe mlango mwingine. Sikuonyeshwa.

— Dada, sijui, nikasema.

— Umesahau? mke wangu akauliza, kwa upole. Si ni zamani.

— Sijasahau, mama watoto. Sijafika.

— Hujafika kivukoni?

— Sijafika popote. Nilishushwa njia panda ya kwanza. Nilikuwa nampangia kaka mizigo, basi likaondoka nami. Nikarudi kwa miguu.

Lori lilipita, likaacha vumbi, na hakuna aliyejifuta.

— Na yule mzee wa kivuko aliyekuimbia?

— Hakuna mzee.

— Na mnara?

— Kaka aliupanda. Mimi sijauona hata kwa chini.

— Zile ngazi nilikuwa nawahesabia watoto wapate usingizi, akasema. Mdogo alikuwa anasinzia kwenye ya arubaini.

— Najua. Nilikuwa nasikia nikiwa chumba cha pili.

— Ukanyamaza.

— Nikanyamaza. Na kila safari niliyoahirisha, ni kwa ajili ya hilo. Hata leo nimekuja hapa kutafuta sababu ya kesho tusiende.

Kipimo akanong'ona, kama mtu aliye msibani, kwamba hata yeye kwa kweli hajafika, isipokuwa aliwahi kujenga choo cha mtu aliyewahi kufika. Rubani naye akakohoa.

— Mie nilifika, akasema. Kwenye kalenda. Ilikuwa inaning'inia ndani ya lifti. Mwaka ulipokwisha waliisahau pale, nikaitazama miaka mingine kumi na tisa.

Hakuna aliyemcheka. Mkunga ndiye aliyetuokoa, maana yeye alikuwa na safari.

— Basi Fundi, tia mikanda. Nikishuka itanibebea, nikivuka ndani haitanidhuru.

— Sasa hilo, akasema Fundi, mbona hatukuliwaza?

Akamaliza kiatu cha mke wangu kwanza, akampa. Mke wangu akakikunja kuona kama soli imeshika. Akakivaa. Akavaa na cha pili. Akasimama, akatembea mpaka kwenye zile pampu za petroli zisizofanya kazi, akarudi, mimi nikihesabu hatua zake kwa hofu, kwa kuwa mwanamke akiwa amevaa viatu anaweza kwenda mahali popote. Akasimama mbele yangu.

— Unajua nimekuwa nikifanya nini wiki hii yote?

— Sijui.

— Najizoeza kutoshangaa. Nikiwa nashona, nasema moyoni, tukifika kwenye majabali usipige kelele. Usimvute mkono. Usiulize hiki nini na kile nini. Mwenzio ameshayaona yote, utamchosha, atakuona mshamba. Nimejizoeza mpaka hamu ikaanza kuniisha. Jana nusura nikuambie tusiende.

— Nisamehe, nikasema.

— Kukusamehe nitakusamehe, lakini si leo, akasema. Leo nina hasira na nitakuwa nayo mpaka tufike mbali. Uongo wa miaka yote hiyo hauishi kwa kuvaa viatu.

— Sawa.

— Lakini kesho saa kumi na mbili uko stendi. Na wewe ndiye utakayeuliza njia, kila kituo, kwa sauti, watu wasikie kwamba hujui.

— Nitauliza.

— Na mimi nikiiona hiyo bahari nitapiga kelele, basi zima ligeuke.

— Piga.

— Hata wewe utapiga.

Wazee walikuwa wananitazama. Rubani kikombe kitupu mkononi, Kipimo kinywa wazi, mkunga akilishikilia sanduku lake ili Fundi apime mikanda.

— Hata mimi nitapiga, nikasema.