Marehemu Kaka Yetu na Wiki ya Hamsini na Tatu

Ndugu, jamaa na majirani, nimepewa kazi hii ya kusoma wasifu kwa sababu, wanasema, mimi nina sauti. Sauti ninayo, nguvu ndiyo sina. Huyu ni ndugu yangu wa tatu kumsomea ndani ya miezi kumi na minne, kwa hiyo mtanivumilia. Na najua mnachonong'ona kuhusu wifi yangu, kwamba mume kafa Alhamisi na yeye hakuonekana msibani hadi Jumamosi. Hilo nalo nitalieleza likifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1957, mtoto wa pili kati ya sita wa baba fundi wa milango na mama mkunga. Alianza shule ya msingi Januari 1965. Akiwa darasa la nne alimwambia mwalimu kwamba ubao umeinama upande wa dirishani, akachapwa. Kesho yake mwalimu alikuja na pimamaji, akakuta kweli umeinama, akaunyoosha, na hakuna aliyelizungumzia tena. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971, akasomea uashi miaka miwili, kisha akawa fundi wa kuzunguka na kazi.

Tarehe 12 Septemba 1982 alifunga ndoa na fundi cherehani. Alikuwa amempelekea suruali moja mara tatu kushonwa goti lile lile, mpaka yule binti akamuuliza kama analichana kwa makusudi. Akakiri. Walijaliwa watoto watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja.

Tarehe 3 Februari 1988 marehemu aliajiriwa kwenye lile jengo refu la mapumziko, ambalo sote tunaliita Jumba. Miezi minane ya kwanza ilikuwa ni shimo na maji, pampu mchana kutwa. Ghorofa zenyewe hazijaanza kuonekana, kampuni ikajenga nyumba moja ya mfano pale chini, ikaweka mapazia na matunda ya plastiki, ikaanza kuuza. Hawakuuza nyumba, waliuza wiki. Nyumba moja inakuwa na wenyewe hamsini na wawili, kila mmoja ana wiki yake kwa mwaka, Jumamosi hadi Jumamosi, maisha yake yote. Wauzaji wenye tai wakagundua kwamba wateja wanamwamini zaidi mtu mwenye saruji mikononi. Basi mteja akisitasita, anapelekwa kwa kaka yangu, naye anampandisha ngazi mpaka zege lilipoishia na kumwambia, "Litakwisha." Ndipo alipopata jina la Ngazi.

Oktoba 1991, Jumba likiwa ghorofa ya tisa, kampuni iliingia mitini. Mafundi walifunga virago siku hiyo hiyo. Ngazi alibaki. Tulimwambia aondoke, mimi mwenyewe nilimfokea, maana alikuwa na watoto wadogo na kazi za kujenga zilikuwepo tele kwingine. Alisema mdomo uliowaambia wale watu kwamba litakwisha ni wake, si wa kampuni. Akawa anafanya vibarua vyake asubuhi, mchana anarudi kulinda. Na watu walikuwa wanakuja, jamani. Wiki yao ikifika wanatokea na masanduku, wanatazama juu. Anawafungulia nyumba ya mfano, wanakaa kidogo, anawapa maji ya kunywa. Hivyo kwa miaka saba.

Kampuni ya pili ilikuja 1998, ikapandisha Jumba mpaka ghorofa ya kumi na nane, ikalifungua Desemba 2001. Kwa uaminifu wake marehemu alipewa hati yenye muhuri mwekundu: nyumba ya ghorofa ya kumi na nne, wiki ya hamsini na tatu. Alitusomea hati hiyo sebuleni amesimama. Wifi yangu ndiye aliyechukua kalenda ukutani, akahesabu Jumamosi zote kwa kidole, akauliza hiyo ya hamsini na tatu iko wapi. Mwashi aliyepima kuta maisha yake yote alikuwa hajaipima zawadi yake. Alikwenda ofisini, akarudi na jibu kwamba wiki hiyo hutokea mara moja katika miaka mitano au sita, ndiyo maana haikuwahi kupata mnunuzi. Tulicheka sana. Wifi hakucheka. Alimwambia basi watakwenda wote wawili, yeye akiwa mgeni, si fundi.

Wiki ilitokea mwisho wa mwaka 2005. Walifika na mabegi, tangi la juu likapasuka, akashinda darini siku saba na mkewe akarudi nyumbani peke yake. Ilitokea tena 2011, kampuni ya pili inaikabidhi ya tatu na milango ina minyororo. Mwaka 2016 lifti mbili kati ya tatu zilikuwa zimekufa, akaombwa asaidie kubeba wazee. Hakujua kukataa. Kila mara wifi alikunja nguo zake, akazirudisha kabatini.

Kifua kilianza kumsumbua 2018. Machi 2021 daktari alisema ni vumbi la saruji, limekaa miaka mingi. Kisha mwaka jana kampuni ya tatu ikatangaza kwamba Jumba litageuzwa nyumba za kupanga, na hati zote za wiki zitakoma Juni mwaka huu. Jumamosi ya hamsini na tatu ilikuwa tarehe 31 Desemba. Baada ya hapo hakuna nyingine. Daktari alimkataza kutoka. Wifi akamwambia daktari kwamba kukohoa atakohoa popote.

Walipanda kwa lifti moja iliyobaki. Wifi anasema mlango wa baraza ulikuwa unakwama na bomba la jikoni linavuja, akamwona mumewe anavitazama. Kisha akakaa kwenye kiti, akasema, "Leo mimi ni mgeni." Siku tano walikaa pale, wanaongea, wanasinzia. Alhamisi tarehe 5 Januari 2023, saa kumi na mbili na robo asubuhi, alifariki kwenye kiti hicho, mkewe akiwa ameshika mkono wake.

Wifi alimsindikiza mpaka chumba cha maiti, akasaini, kisha akamwambia dereva amrudishe Jumba. Sisi nyumbani viti vimeshapangwa, watu wanamsubiri mfiwa. Mimi ndiye wa kwanza kumsema vibaya, nakiri mbele yenu na mbele ya jeneza hili. Ijumaa nilikwenda kumtoa. Nilipanda na hasira zangu zote, nikamkuta barazani amevaa gauni alilolishona mwaka 2005, nikamuuliza kama hana haya.

Akanijibu taratibu, "Wifi, nimeisubiri miaka ishirini na moja. Alipofariki zilikuwa zimebaki siku mbili. Alinipa wiki, sikupewa siku tano. Niache niimalize."

Nilivua viatu, nikakaa kwenye kiti kingine. Jumamosi saa nne asubuhi tulirudisha ufunguo, ndiyo maana tunazika leo Jumatatu, na mwenye neno aje kwangu, asiende kwa mjane.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu watano, dada wawili na mdogo wetu wa kiume. Mkewe ndiye aliyeishi na neno lake kuliko sisi sote, na leo atatangulia kutia udongo.

Kaka, umefika. Pumzika kwa amani, na mtu yeyote asikuite kazini.