Amplifaya Iliyomfikia Mama Yenu

Leo ni Jumanne, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Daktari ametoka chumbani humu robo saa iliyopita, na aliyonieleza mimi amewaeleza na ninyi hapo nje, kwa hiyo tusifichane. Sikilizeni, wanangu. Miaka thelathini na moja nilikaa nyuma ya kioo cha chumba cha habari, mkono juu ya swichi, nikimwashia msomaji taa nyekundu, na pale tulifundishwa kutaja saa kwanza, kisha jambo lenyewe, kisha kunyamaza. Saa nimeshaitaja. Jambo lenyewe ni yale masanduku mawili pale mezani.

Wewe binti yangu umekaa dirishani, na wewe mdogo wake umekaa mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa na karani. Tangu mwingie hamjatazamana. Wewe wa mlangoni umeniuliza mimi kama dada yako amekunywa chai, naye yuko hatua tatu kutoka ulipo. Mwaka wa sita huu mimi ni tarishi wenu, huyu ananituma kwa yule na yule ananirudisha kwa huyu. Basi tarishi anastaafu leo, na barua zilizobaki mtapelekeana wenyewe.

Mepesi kwanza. Nyumba ni ya nyote wawili, hati iko kwenye bahasha ya kahawia ndani ya kabati la mama yenu, na asiiuze mmoja bila mwenzake kutia saini. Vifaa vyangu vya ufundi, mita, bisibisi na ile pasi ya kulehemu, achukue huyu wa mlangoni, maana mkono wake hautetemeki. Gitaa ni la binti. Ni lile la kulaza mapajani, unalolipiga kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na chuma chenyewe kimo ndani ya soksi ya kijivu. Msicheke. Soksi hiyo imekikinga na kutu kuliko kasha lolote. Hapo sina shaka. Shaka yangu ni amplifaya, kwa sababu gitaa lile bila amplifaya lina sauti ya mbu, na amplifaya ziko mbili, ndiyo yale masanduku ya mezani. Moja itabaki humu ndani pamoja na gitaa. Nyingine mtafutieni mtu wa kuipigia, isikae ikawa meza ya kuwekea vitu. Mimi nimeshindwa kuchagua, na nataka mjue kwa nini.

Tulikuwa hatujawazaa. Kulikuwa na fundi redio tuliyemwita Fundi Kesho, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa risiti yake, ukimpa kitu leo anakwambia njoo kesho. Karakana yake ilikuwa chumba chembamba mwishoni mwa ujia, pua na mdomo na duka la cherehani. Siku hiyo alikuwa na hizi mbili juu ya meza, zote za zamani, za kutumia zile taa za kioo ambazo sisi mafundi tunaziita valvu. Ndogo ilikuwa na spika ya ukubwa wa sahani na kitambaa kilichochanika. Kubwa ilikuwa na spika kama sinia na vifundo vya kuzungusha vinavyong'aa. Fundi Kesho akaniambia, "Kaa, jaribu zote, hapa ni kwako." Mama yenu hakuweza kuvumilia moshi wa kulehemu, akatoka akasimama ujiani, upande wa pili wa ukuta.

Nikaanza na ndogo. Nilipomaliza nikapaza sauti, "Vipi huko?"

Akajibu, "Hii inanifikia."

Nikahamisha waya kwenye kubwa, nikapiga wimbo uleule. "Na hii?"

"Hii inasikika."

Fundi Kesho akacheka, akapiga meza. "Shemeji amenimalizia kazi! Moja inamfikia hapo mlangoni tu. Nyingine inasikika. Nikufungie ipi?"

Nami nilielewa vivyo hivyo. Hilo ni kosa la mtu wa kazi yangu, wanangu, asingelifanya mwashi wala muuza vitambaa. Kwetu studio neno hilo, kusikika, lilikuwa sifa ya juu kabisa. Mhandisi alipiga simu kila asubuhi kutoka kwenye mnara wa matangazo na kusema, "Mnasikika," na sisi tukashusha pumzi. Sikujua sifa nyingine. Nikabeba kubwa. Tukiwa njiani mama yenu akaniuliza, "Kumbe umechukua hiyo?" Nikamwambia, "Si umesema inasikika?" Akanitazama kidogo, kisha akashika upande wa pili wa sanduku tukalibeba pamoja. Nami sikumuuliza kwa nini.

Nyumba ya vyumba vitatu haiwezi amplifaya ile. Ukizungusha kifundo kupita mbili, vikombe vinalia kabatini na jirani anagonga ukuta, na ukiiacha kwenye mbili inaongea kama mtu aliyeuma meno. Gitaa la kulaza halipigwi kwa kuchapwachapwa. Unaweka noti moja, unaiacha ife yenyewe, na kazi yote iko katika kufa kwake. Kubwa ilinikatia mkia wa kila noti. Nikadhani mkono wangu ndio mbovu. Nikaanza kufunga mlango nifanye mazoezi, na mkakua mkijua kwamba baba akifunga mlango hagongewi. Mama yenu alikaa chumba cha pili, anatia vifungo kwenye mashati yenu, ukuta katikati yetu, na mimi nikafikiri tuko pamoja kwa kuwa namsikia anakohoa.

Alipougua ndipo siku moja mchana akaniuliza, "Ile ndogo iliyonifikia, Fundi Kesho alimpa nani?"

Nikamwambia ile haikuwa na nguvu.

"Nani alizungumza habari ya nguvu?" akasema. "Nilikwambia imenifikia. Ile nyingine niliisikia tu."

Alisema bila ugomvi, kama mwalimu anayesahihisha herufi moja kwenye daftari. Mimi ndiye niliyekosa pa kuweka uso. Kesho yake nikaenda. Fundi Kesho alikuwa mzee, haoni vizuri, na ndogo ilikuwa chini ya meza yake, imeshikilia mguu uliovunjika. Akapapasa uso wangu akanitambua. "Si nilikwambia uje kesho?" Nikacheka peke yangu njia nzima.

Ndani ilikuwa imeoza. Nikaanza kuitengeneza hapohapo karakanani kwake, nikawa naondoka hapa asubuhi na kurudi jioni, nikimwachia binti yangu kazi ya kumuuguza mama yenu. Sasa sikiliza, binti, na wewe uliye mlangoni usiinuke. Asubuhi ya siku ya sita mama yenu aliniambia, "Mwite mwanangu aje." Alimtaka mdogo wako. Nikasema nitampigia simu nikirudi. Nilikuwa nimebakiza waya tatu. Nilitaka imfikie kabla ya yote, nikadhani siku ziko. Nilimpigia jioni, na alipopokea alitoka kazini na nguo za kazi, akapanda gari la kwanza, akafika mama yake amekwisha kufunikwa. Wewe binti ukamwambia mbele za watu, "Umekuja kuzika, hukuja kuuguza." Nilikuwa nimesimama kati yenu. Neno moja lilitosha, nami sikulisema. Ukaapa hutamsemesha, naye akaona akijitetea atamchongea baba, maana saa ya simu yangu alikuwa anaijua. Amelibeba miaka sita. Mdogo wako hakuchelewa. Aliyechelewa kumwita ni mimi.

Nipeni maji.

Basi. Ndogo iliimba siku ya tisa, na wa kufikiwa hakuwepo. Nikaileta nyumbani, nikafungua milango yote, nikapiga. Nikaweka noti, nikainuka niwahi chumba cha pili niisikilize kutoka huko, nikakuta imekwisha. Nikajaribu kinasa sauti, nikakilaza kitandani upande wake. Niliporudisha nikasikia gitaa, nikasikia friji, nikasikia mtu anaburuta kiti nyumba ya jirani. Kinasa sauti kinasikia kila kitu. Hakuna kinachokifikia. Mtu mmoja hawezi kukaa vyumba viwili, na hilo ndilo limenishinda, si valvu wala spika. Jioni ngapi nimepiga milango ikiwa wazi na hakuna wa kumuuliza vipi huko.

Kwa hiyo amplifaya haichaguliwi na anayepiga. Anayepiga yuko karibu mno, anadanganywa na vidole vyake. Inachaguliwa na aliye chumba cha pili. Mmoja wenu apige, mwenzake aende akasikilize. Hamna namna nyingine, na ndivyo nilivyotaka. Mkikataa, zote mbili mzitoe, na gitaa mlitoe pia, na nyumba mgawane kwa kamba.

Washeni, mziache dakika moja mpaka valvu zipate moto, msizikimbize. Kifundo cha sauti nyembamba kirudisheni nyuma, la sivyo mtasikia chuma kikikwaruza nyuzi badala ya wimbo. Msipige wimbo mrefu. Noti moja, iacheni mpaka mwisho. Na msifungue mgongo wa sanduku hata mkiwa mmechomoa plagi, kwa sababu umeme hubaki ndani, wa kumtupa mtu ukutani. Huyu wa mlangoni anajua namna ya kuutoa. Amwonyeshe dada yake, kwa mdomo wake mwenyewe.

Jiwe la mama yenu lipakwe rangi upya. Mimi mnilaze kando yake, upande wa kulia, ndio niliouzoea. Kinasa sauti tupeni.

Nawasamehe kukaliana kimya mbele yangu, na ninyi nisameheni kimya changu, ambacho ndicho kilizaa chenu. Mungu awaweke. Awape kila mmoja mtu wa chumba cha pili, na awape masikio ya kumwelewa akijibu.

Sasa nimechoka. Binti, laza gitaa mapajani. Hivyo. Wewe nenda chumba cha mama yako, kaa kitandani, upande wake, acha mlango wazi. Usije ukasema ipi ina nguvu. Wala mimi msiniulize.

Saa nne na dakika tano. Amekwenda. Nasikia kitanda.

Washa kubwa. Piga.

Kimya huko. Haidhuru. Hamisha waya.

Saa nne na dakika tisa. Ndogo imewaka taa. Subiri, binti. Zipate moto. Usilie juu ya nyuzi, zitashika kutu.

Haya.

Iache. Iache ife yenyewe.

Saa nne na dakika kumi na mbili. Sauti imetoka chumba cha mama yenu. Imesema, "Dada, rudia hiyo."