Ngumi Iliyobaki Mkono Ulipokatwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hapa Kamembe, asifiwe ng'ambo kule Bukavu tulikotoka wengi wetu, asifiwe na huko Nkungu aliko shangazi yangu, ambaye leo nitamtaja bila ruhusa yake.

Jina langu ni Nsimire. Mnanifahamu kama binti wa yule mama anayevuka mpaka asubuhi na beseni la nyanya. Nimeombwa nitoe ushuhuda, na nitausema kwa mpangilio, ili asiwepo wa kutoka hapa akausimulia vingine.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga mahindi. Kazi yangu ilikuwa kushika mdomo wa gunia wakati unga unashuka. Siku ile mkanda wa mashine ulinasa sweta yangu. Nilipohisi navutwa sikuachia gunia. Nililikaza zaidi, kama mtu anayeshikilia kichaka asichukuliwe na maji. Hospitalini waliokoa uhai wangu, lakini mkono wa kulia ilibidi waukate chini ya kiwiko.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mkono ulikatwa, ngumi ikabaki! Pale ambapo hapakuwa na kitu, nilihisi vidole vyangu vyote vimekunjwa, kucha zikichoma kiganja. Mvua ilipokaribia kutoka ziwani, ngumi ilikaza mpaka nalia. Nilijaribu kuikuna, nikakuna hewa.

Mama alihangaika sana. Akampigia simu wifi yake, yaani huyo shangazi wa Nkungu, ambaye ndiye aliyeuzika mkono wangu shambani kwake. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikasikia yote.

"Muramu, ule mukono uliuzikaka je? Bidole bilikuwa wazi ao bilifungwa?"

"Ye Mungu wangu! Weye ulitaka nikague na bidole? Nilizika na heshima, na kitenge muzuri kabisa."

"Banasema kama bidole bilifungwa, mutoto ataumwa tu mpaka tufukule tubinyooshe."

"Basi kuja na jembe yako weye mwenyewe! Pale nilisha panda maharagi, na inazaa kupita fasi zote."

Mama hakwenda na jembe. Alinipeleka kwa Maman Zawadi, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, ambaye yuko hapa mbele na kitambaa chake cheupe. Ndugu zangu, mama huyu alifunga kwa ajili yangu mpaka midomo ikamkauka. Aliiamuru ile ngumi iniache. Alinifundisha kwamba maumivu yakija niseme kwa imani: "Sina mkono hapo." Nilisema. Ngumi haikusikia. Siku kikundi kiliponiuliza kama imeondoka, nilibaki natazama sakafu, na mama yangu kwa furaha akajibu kabla yangu: "Ilisha toka! Mungu ni muzuri!" Wote wakapiga makofi, na mimi katikati yao kucha zinanichoma.

Baadaye tukapata habari kwamba kwenye kituo kimoja cha viungo bandia, mbali kidogo, kupita msitu wa Nyungwe, wamekuja wataalamu wenye mikono ya umeme. Tukapanda basi mimi na mama. Tulikuta vijana wengi. Kulikuwa na Jado, dereva wa moto, yaani pikipiki, kutoka huku kwetu, aliyepoteza mguu juu ya goti. Kwa mguu wake wa bandia wa zamani alikuwa akiteremka milima kinyumenyume. Sasa alikuwa amepewa goti lenye kompyuta ndani, anapanda na kushuka ngazi za kituo bila sababu yoyote, ili tumwone.

"Sista, hii goti iko na akili kunipita," akaniambia. "Kwa kushuka inajizuia yenyewe. Miye nafwata tu."

Lakini mikono ilikuwa michache kuliko sisi tuliokuja, na tuliambiwa wazi. Mkono ule husikiliza misuli iliyobaki. Atakayeupata ni yule ambaye misuli yake inaweza kutoa amri mbili: funga na fungua. Asiyeweza, nafasi yake anapewa mwingine. Ndugu zangu, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, navalishwa na mama yangu kama mtoto. Niliutaka mkono ule kuliko chakula.

Fundi aliyenipima aliitwa Eric, Mnyarwanda aliyekulia Bukavu, anayesema Kiswahili chetu kama sisi. Alinibandika vipande viwili vya chuma kwenye ngozi, vikaunganishwa na kompyuta. Kwenye kioo kulikuwa na mistari miwili, wa buluu kwa kufunga na mwekundu kwa kufungua.

"Pumzika," akasema.

"Nimepumzika."

Mstari wa buluu ulikuwa juu kabisa. Akafuta ngozi yangu, akabandika upya. Buluu ikabaki juu. Akabadilisha waya. Vilevile. Mkubwa wake akapita, akatazama kioo, akatikisa kichwa, akamgeukia kijana aliyekuwa akisubiri baada yangu.

Eric hakuinuka. Alitazama ule mstari, akanitazama mimi.

"Nsimire, unashika nini?"

Mama akaruka: "Hashike kitu, dokta! Ile mambo tuliiombea, ilisha toka."

"Pole, Maman. Nauliza mutoto."

Hapo ndipo nilipobanwa. Nikisema kweli, Kamembe wataniita mfungwa wa pepo, na mama yangu ataaibika mbele ya waliopiga makofi. Nikinyamaza, mkono unakwenda kwa mwingine. Nilimwomba Yesu kimoyomoyo, kisha mdomo ukafunguka wenyewe.

"Gunia," nikasema. "Nimeshika gunia. Sijaliachia tangu siku ile."

Nikaanza kulia. Lakini Eric alikuwa anacheka, anapiga meza kwa kiganja!

"Njo hiyo! Hiyo mukono yenye unasikia, njo yenye tunatafutaka! Kuko bantu tunabembelezaka siku mingi ili basikie hata kidole moja tu. Weye uko nayo muzima. Usiifukuze!"

Akachukua kikapu cha mama chenye parachichi, akanipa nikishike kwa mkono wa kushoto. Akasema nifumbe macho, nishike kwa mikono yote miwili, ule unaoonekana na ule usioonekana, kisha niweke chini yote, polepole. Mara ya kwanza kikapu kilishuka, gunia likabaki. Nikasema, "Bwana, nimechoka kushika. Nisaidie kuachia." Na ndugu zangu, niliachia! Kidole gumba kilitangulia, vingine vikafuata, kama mtu anayenyoosha miguu baada ya safari ndefu. Kucha zikatoka kwenye kiganja. Maumivu yakapungua hapo hapo nikiwa kwenye kiti.

"Ile nyekundu njo nini?" nikasikia mama anauliza.

"Ni mutoto wako anafungua mukono, Maman."

Mama alipiga vigelegele mpaka Jado akaja mbio, yeye na goti lake.

Mkono wenyewe ni huu, mnauona. Nilifanya mazoezi wiki nyingi, nikavunja mayai ya watu, nikamfinya mama alipoomba tusalimiane. Sitawadanganya: hauhisi moto, haupendi maji, na umeme ukikatika usiku kabla sijauchaji, kesho yake nashinda na mkono mmoja. Lakini leo nimejifunga kitenge mwenyewe. Sokoni napima maharagi na kufunga mifuko. Ngumi hurudi siku moja moja, nami najua la kufanya: naifungua.

Maman Zawadi, naomba usione haya, maana mimi sioni. Uliomba nifunguliwe, na nimefunguliwa! Wewe na mimi tulidhani Mungu atauondoa ule mkono. Kumbe alikuwa anautunza, kwa kuwa alijua atakuja Eric.

Ndugu zangu, kama hapa kuna kijana aliyekatwa mguu au mkono na bado anausikia, asijifiche. Si pepo, wala si wazimu. Mwambie Mungu, kisha mwambie na daktari, maneno yaleyale, bila kupunguza. Baada ya ibada njoo uniulize, nitakaa pale mlangoni. Mtegemee Bwana, hadharau hata kile ambacho hakuna mwingine anayekiona.

Na sasa simameni, tumpigie Mungu makofi. Yangu yatalia kama ubao, mnisamehe. Pigeni kwa nguvu, mnifunike!