Kaseti ya Mama Bilonda

Mama Bilonda Agnès alifariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa kumi na moja alfajiri, katika hospitali moja ya hapa Kolwezi, akiwa na umri wa miaka sabini na moja.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1953 katika kambi ya wafanyakazi ya Musonoi, baba yake akiwa ametoka Kasai kuja kuchimba shaba, akasoma shule ya msingi kwa masista, kisha ushonaji, na kuanzia mwaka 1971 alifundisha wanawake kushona huko Dilala, ambako wengi wenu mlioketi hapa mlijifunza kukata kitenge bila kukiharibu.

Tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa na tata Nkongolo Louis, fundi wa mitambo na mwalimu wa kwaya, wakajaliwa watoto wawili, Mushiya na Tshibola, wakapata nyumba ya kampuni ya shaba pale Dilala, ambayo baadaye waliinunua kwa kukatwa mshahara. Mazoezi ya kwaya yalifanyika sebuleni, tata Louis akiongoza, mama akirekodi kwa redio-kaseti ili waimbaji wasikie wenyewe walipokosea.

Tarehe 24 Machi 1993, kampuni ikiwa imeanguka na Wakasai wakibebeshwa lawama za kila kitu, shefu wa kartie, yaani mkuu wa mtaa, tata Kalumba, aliitisha mkutano mbele ya mlango wao, mazoezi yakakatika, na mama akaacha kaseti iendelee kuzunguka. Kalumba alisema: "Hii nyumba ya Nkongolo, mi njo nitaingia. Beye barudie kwabo." Yaani nyumba aichukue yeye, wao warudi Kasai. Akaingia wiki ileile.

Familia ililala stesheni ikingoja treni ya Kasai, Tshibola akafia palepale kwa surua tarehe 19 Aprili, akiwa na miaka tisa, na tata Louis alifariki Mwene-Ditu, huko Kasai, mwaka 1996. Kaseti ilisafiri ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Mama alirudi Kolwezi mwaka 2004, na mwaka uliofuata alishtaki ili arudishiwe nyumba yake. Kalumba alileta karatasi yenye muhuri, mama akaleta kaseti, na hakimu, bila kuisikiliza, alimweleza kwamba sheria haijui mambo ya redio, kisha akaongeza, ili ukumbi ucheke: "Mama, kaseti haina mukono. Itasaini na nini?" Ukumbi ulicheka. Mama alirudisha kaseti katika kopo na kupanga chumba Mutoshi, akiishi kwa kushona.

Mwezi Julai 2024, katika kundi la WhatsApp la parokia, alituma sauti akisema kwamba anayekaa katika nyumba yake ni mwizi. Tata Kalumba alishtaki, na safari hii sheria ilikuwa na masikio, kwa kuwa sasa iko sheria mpya ya mambo ya simu na kompyuta. Simu iliwekwa juu ya meza ya mahakama, sauti ikasikilizwa mara mbili, hakuna aliyeiuliza kama ina mkono, na siku ya sita mama alikuwa gerezani. Alipoomba kaseti nayo isikilizwe, aliambiwa kwamba miaka thelathini imepita na haki ya kudai imekwisha. Mwaka 2005 ushahidi wake ulifika kabla ya sheria, mwaka 2024 ukafika baada yake, na watu waliosomea kazi hiyo hawakuona haya kumweleza yote mawili.

Alitoka gerezani tarehe 2 Septemba akiwa amevimba miguu, figo zikashindwa, na hakupona tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mutoshi waliopika na kulala nasi hapa kwenye kilio, na washonaji wenzake waliomshonea nguo anayozikwa nayo. Kwa mahakama familia haina shukrani, na imeniomba nilisome hilo kwa sauti.

Mama Bilonda, kuanzia leo hakuna wa kukutoa unapolala, pumzika.

Jana Jumatatu, saa tisa alasiri, mbele ya watu wa kilio, Mushiya aliweka kaseti katika redio iliyoazimwa kwa jirani. Ilianza kwaya, ikafuata sauti ya tata Kalumba, na maneno yake yote yalisikika hadi barabarani. Mwishoni ilisikika sauti ya tata Louis: "Bilonda, zima sasa."

Mushiya akazima.