Parechoc Tisa za Papa Emile Lwaboshi

Wapendwa mliokuja kutufariji hapa Nyalukemba, mimi Modeste, mdogo wake, nimepewa na familia kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu Lwaboshi, aliyebatizwa Emile, na nitayasoma jinsi yalivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kazi inayopakwa rangi kabla ya kukaguliwa.

Alizaliwa Nyangezi tarehe 14 Machi 1931, akasoma shule ya msingi ya misioni hadi mwaka 1945, akabaki katika karakana ya mapadri kujifunza kufua chuma, na mwaka 1950 akaja Bukavu kufanya kazi ya kuchomelea katika gereji ya shamba moja la chai. Tarehe 26 Julai 1958 alifunga ndoa na Maman Agathe M'Cirhuza, Mungu akawajalia watoto sita, wa kwanza wao Constance, aliyerithi kazi ya baba yake na ambaye wengi wenu mnamjua kwa ile miwani myeusi ya soudeur, fundi wa kuchomelea.

Mwaka 1972 alifungua atelie yake, karakana ya kuchomelea, huko Kadutu, na miaka miwili baadaye akatengeneza parechoc yake ya kwanza, chuma kizito cha kukinga mbele ya pikapu, kwa kuwa zile zilizokuja na magari zilikuwa nyembamba na matope ya njia ya Kalehe yalizing'oa kila mvua. Alikata mabomba ya kiwanda kilichokufa, akayapinda kwa moto, akaweka ndoano mbili za kuvutia gari lililokwama, akaichomelea moja kwa moja kwenye chasi ili isitikisike kamwe. Alitengeneza tisa, na madereva walijivunia kuwa nazo.

Tarehe 3 Novemba 1979, karibu na Kalehe, dereva wetu mpendwa Lucien, aliyekuwa na moja ya zile tisa, aliteleza kwenye kona akagonga ukingo wa mlima, bila mwendo mkali. Kaka yangu alipofika alikuta watu wamezunguka gari wakishangilia kazi yake, mmoja akimwita, "Papa Emile, kuya uone, chuma yako haina hata alama!" Ni kweli, haikuwa na alama, lakini chasi ilikuwa imepinda, na Lucien alikuwa amevunjwa kifua na usukani, akafariki siku ya tatu.

Hakuna aliyemlaumu. Euphrasie, mjane wa Lucien, alimwambia mbele yetu sote, "Papa Emile, ni barabara ilimuua, si wewe." Kaka yangu alimshukuru, akarudi atelie, akakaa siku nzima mbele ya ile parechoc bila kuwasha moto, na jioni akatuambia kwamba pigo ambalo chuma kimekataa kulipokea lazima lipokelewe na mtu.

Kuanzia hapo alitengeneza kwa namna nyingine, akiishika parechoc kwenye chasi kwa vishikizo vyembamba vya kufungwa kwa bulon, si kwa kuchomelea, ambavyo gari likigonga vinapinda vyenyewe kwanza. Kisha alifanya jambo ambalo mafundi wachache wangelifanya: alikwenda kwa kila mtu aliyemuuzia zile za zamani, Nyangezi, Walungu, Kalehe, akamwomba ruhusa ya kukata kazi aliyokuwa amesifiwa kwayo na kufunga vishikizo mahali pake. Baadhi walimcheka. Papa Stanislas, mfanyabiashara wa kahawa wa Kalehe, alimwambia, "Uliniuzisha nguvu, sasa unakuya kuikata? Iko chuma ya wanaume hii!" Naye akamjibu kwa upole, "Ilishaua mutu mumoja, Papa Stanis." Alirudi kwake kila mwaka.

Mwezi wa Januari mwaka huu alianza kusumbuliwa na kifua, akalazwa mara tatu, na Jumanne tarehe 11 Agosti 1987, saa nne asubuhi, akatuacha, akiwa amekata nane kati ya tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea maji na kuni, mafundi wa Kadutu waliofunga milango yao leo, na Euphrasie, aliyelala hapa kilioni tangu siku ya kwanza.

Ni desturi familia kuuliza kama marehemu ameacha jambo lisilokwisha. Lipo moja, nalo limeegeshwa hapo nje, kwa sababu Papa Stanislas amekuja kuzika nasi pamoja na watu kumi nyuma ya pikapu yake, na tunamshukuru kwa dhati. Papa Stanis, hatukuhukumu, sisi sote tunaijua njia ile na tunajua ulichokipenda katika chuma hicho. Lakini vishikizo vya gari lako viko atelie, kaka yangu alivikata kwa mkono wake mwezi wa Juni, akikohoa, na Constance yuko tayari kuvifunga. Tuachie ufunguo, tutakutafutia wewe na watu wako gari lingine la kurudi Kalehe.

Nawe kaka, umefanya kazi ya kutosha. Pumzika, hiyo iliyobaki ni yetu.