Meneja wa Soda na Mkamuaji wa Kituntu

Baba Padri, wazee wetu, Bwana Kanji na wote mliofuatana naye kutoka Bukoba, majirani wa Kituntu, na ninyi mliotembea kwa miguu tangu alfajiri kutoka Nyakahanga na hata Rubwera, mimi ni Cassian Ndyamukama, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yetu, Placidius Rwegoshora, kama alivyoyaishi na kama alivyoagiza mwenyewe yasomwe, kwa hiyo naomba mnivumilie, maana kuna mahali ambapo sisi wa nyumba hii tunaona haya kupasoma mbele ya watu, lakini tutapasoma.

Placidius alizaliwa hapa Kituntu tarehe 14 Machi 1918, akiwa mtoto wa kwanza wa Yustus Byarugaba na Dafroza, akafuatiwa na dada yetu Deodatha, kisha mimi. Baba yetu, kwa wageni wasiomfahamu, alikuwa mkamuaji, yaani mtu aitwaye na wenye harusi na wenye ubatizo ili awakamulie ndizi, ambazo huivishwa shimoni, zikamenywa, zikakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti mpaka yatoke yale maji matamu tuyaitayo omuramba, na yakichanganywa na mtama yakalala yanakuwa rubisi, pombe yetu. Kazi hiyo wengi wanaiweza, ila baba aliitwa hata ng'ambo ya vilima vya Kyerwa, kwa sababu omuramba wake ulikuwa mwepesi na hauna uchafu, na kwa sababu alikuwa akinawa miguu muda mrefu kiasi kwamba wenye shughuli walianza kunung'unika. Mama yetu alifariki tarehe 2 Februari 1929, mimi nikiwa ningali nabebwa mgongoni, na baba hakuoa tena.

Marehemu alianza shule ya misioni mwaka 1928, akasoma kwa bidii, akapelekwa Bukoba kumalizia, akahitimu mwaka 1935, na muda wote huo aliyemvisha na kumlipia alikuwa baba, kwa kazi ile ile ya miguu yake.

Mwezi Mei 1937 aliajiriwa katika kiwanda cha Kampuni ya Soda ya Nyota ya Ziwa huko Bukoba, kazi ya kuosha chupa, kisha akawa mpakiaji wa lori, kisha muuzaji, na mwaka 1946 Bwana Kanji, mwenye kampuni, akamwita ofisini ili ampe ukuu wa mauzo wa Karagwe yote. Siku hiyo Bwana Kanji alimwuliza habari za nyumbani kwao, kama mwajiri anavyouliza, na marehemu, akiwaona makarani wenzake wamesimama pale, watoto wa wakubwa na wa waalimu, akajibu, "Baba yangu alikuwa karani wa baraza, Bwana, amekwisha kufariki." Aliniambia mwenyewe kwamba hakuwa amepanga kusema hivyo, maneno yalimtoka, na yalipokwisha kutoka Bwana Kanji alisimama akampa mkono wa pole, naye akaupokea.

Kabla ya hapo, tarehe 20 Juni 1942, alikuwa amefunga ndoa na shemeji yetu Renatha Kemirembe wa Muleba, harusi iliyofanyika hapa hapa uwanjani, baba akakamua mitungi iliyotosha wageni wa pande zote mbili, na bwana harusi akacheza akiwa amemshika baba yake mkono. Mungu aliwajalia watoto watatu, Kokuhirwa, Rwezaura na Placidia, ambao mnawaona hapa mbele.

Kuhusu kazi, hakuna wa kumpunguzia. Ni yeye aliyewafundisha wenye maduka kufukia chupa kwenye mchanga uliomwagiwa maji na kuzifunika majani ya mgomba ili zipoe, ni yeye aliyekaa siku nzima kwenye tope karibu na Kyaka akisukuma lori pamoja na wapakiaji wake wakati angeweza kukaa mbele na dereva, na kila mwenye duka kuanzia hapa hadi mpakani yeye alimfahamu kwa jina, pamoja na wagonjwa wa nyumba yake. Shida ilikuwa moja, kwamba kwenye sherehe watu wa Karagwe hawakutaka soda, walisema inauma pua na inapandisha mbeuo, wakabaki na omuramba wao, na kampuni ilikuwa imemwahidi umeneja msaidizi endapo mauzo ya huku yangepanda.

Ndipo ikaja Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 1952, siku ya gulio hapa Kituntu, kampuni ilipoleta soda mpya ya machungwa na Bwana Kanji akaja mwenyewe. Marehemu alipanda juu ya lori, akainua chupa juani, akawaambia watu, "Ndugu zangu, tazameni, unaona mpaka upande wa pili! Hii haijakanyagwa na mtu. Ninyi mnakunywa maji ya miguu. Mnajua miguu hiyo imepita wapi kabla ya kuingia mtumbwini?" Watu walicheka, tena walicheka sana, na mmoja akapaza sauti, "Byarugaba, hebu inua mguu tuuone!" maana baba alikuwa pale pale katikati ya watu, amevaa koti lake la Jumapili, amebeba kibuyu cha omuramba aliokamua jana yake kwa ajili ya wakubwa wa mwanawe.

Bwana Kanji aliona watu wote wamemgeukia mzee mmoja, akauliza, "Placidius, huyu mzee ni nani?" Marehemu akasema, "Ni mzee wa hapa tu, Bwana." Na Bwana Kanji, kwa heshima, akamgeukia baba mwenyewe, "Mzee, unamfahamu huyu kijana wetu?" Baba alimtazama mwanawe juu ya lori, akasema, "Namfahamu, Bwana. Mimi ni jirani yao. Ni kijana mzuri." Kisha akaweka kibuyu karibu na gurudumu la lori, akaenda zake nyumbani.

Soda yote iliisha siku ile. Mwaka uliofuata wenye harusi wengi hawakumwita baba tena, walitaka makreti ya soda, na mtumbwi wake ukageuzwa juu chini nyuma ya jiko, kuku wakawa wanatagia chini yake. Tarehe 1 Aprili 1954 marehemu akawa Meneja Msaidizi, Mwafrika wa kwanza katika kampuni kufika hapo, na watu wa Karagwe walijivunia, nasi tulijivunia, huku tukikwepa kutazamana.

Krismasi ile ya mwaka 1952 alikuwa amekuja nyumbani kwa motokaa ya kampuni akiendeshwa na dereva, ameleta sukari, blanketi na kreti la soda. Baba alikuwa kibarazani akitafuna buni za kahawa, akamwona dereva anashuka pia, basi akainuka upesi, akavua kofia, akamwambia mtoto wake wa kumzaa, "Shikamoo, Bwana." Marehemu hakuitikia wala hakukataa. Aliteremsha vitu, akaondoka bila kuketi. Deodatha alilia, akamwuliza baba kwa nini amemtesa mwanawe vile, na baba akamjibu, "Sikumtesa. Dereva angepeleka maneno kwa Bwana Kanji. Ulitaka mtoto afukuzwe kazi?" Deodatha alipompelekea maneno hayo, marehemu alisema laiti baba angempiga fimbo.

Tangu hapo hakukanyaga tena hapa nyumbani. Alituma mabati, baba akaezekea. Shemeji Renatha ndiye aliyekuwa akiwaleta watoto kumsalimia babu yao, na kila alipomwambia mumewe, "Nenda ukamalize," alijibu, "Nitaenda nikipata la kusema." Mwaka 1956 alijaribu kulisema mbele ya watu, alisimama katika gulio lile lile, tukamwona ameshika ubao wa lori, kisha akaanza kutangaza bei. Alirudi ndani ya motokaa akijificha uso kwa kofia.

Mwezi Septemba 1957 alianza kuumwa ini, akatibiwa Bukoba, akapata nafuu kidogo, hali ikabadilika tena, na tarehe 6 Oktoba 1958, kwa ombi lake mwenyewe la kuwa karibu na kwao, alilazwa hospitali ya misioni ya Nyakahanga. Baba alipopata habari alipika ndizi, yaani ebitoke vyetu, akavifunga kwenye majani, akaenda kwa miguu. Nesi mwema, Evangelina, alimsimamisha mlangoni, akamwuliza yeye ni nani kwa mgonjwa, na baba akasema kama alivyozoea, "Mimi ni jirani." Akaambiwa kwa upole, "Basi mzee wangu, subiri nje, sasa wanaingia ndugu." Marehemu aliisikia sauti ile kutoka kitandani, aliniambia aliitambua hata kabla haijamaliza neno, na alinyamaza, kwa sababu wodi ilikuwa imejaa wateja wake. Baba alikabidhi chakula akarudi. Kesho yake alikuja tena, akauliza kama kimeliwa, akarudi tena.

Siku iliyofuata, nesi alipoanza kumwambia asubiri, marehemu alijiinua kitandani, akaita kwa nguvu zilizobaki, "Nesi! Huyo ni baba yangu. Mwacheni baba yangu aingie." Mfanyabiashara mmoja wa Rubwera aliyelazwa kitanda cha pili akasema, "Meneja, si tuliambiwa baba yako alikufa?" Marehemu akamjibu, "Nilimuua mimi, kwa mdomo wangu." Baba aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, akafungua majani, akasema, "Kula kwanza, bado vina moto." Marehemu alikuwa akilia, akataka kuomba radhi, na baba kila mara alimwekea tonge mdomoni, mpaka ikabidi ale. Radhi aliiomba baadaye, akapewa, mimi nikiwa shahidi, lakini haikumwondolea haya. Aliniita akaniambia, "Nimelisema kwa wagonjwa, kwa Bwana Kanji sijalisema, na sitawahi. Lisome wewe, nitakapokuwa nimelala na siwezi kulizuia."

Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 1958, akiwa na umri wa miaka arobaini, mkono wake ukiwa katika mkono wa baba.

Bwana Kanji, mwaka 1946 uliambiwa kuwa baba yake Placidius amefariki. Si kweli. Baba yake ni mzee huyu mwenye koti la kaki, aliyeketi kulia kwa jeneza, ambaye ulipofika asubuhi ulimpa pole kama jirani, naye akaipokea hivyo ili asikuaibishe. Marehemu anakuomba radhi, nasi tunakuomba radhi pamoja naye. Na watu wa Kituntu, mliocheka siku ile, marehemu hakuacha neno juu yenu, alisema kosa ni la aliyekuwa juu ya lori.

Nilipomsomea baba maneno haya jana, nikamwuliza kama niyapunguze, naye akasema, "Soma yote. Ila na lile la tope la Kyaka usiliruke, watu wajue kwamba mtoto wangu alikuwa mfanyakazi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Nyakahanga, na nesi Evangelina kwa namna ya pekee, tunaishukuru kampuni kwa lori lililoleta jeneza na wafanyakazi waliochimba kaburi pamoja na vijana wetu, tunamshukuru Baba Padri, na majirani mliokesha nasi, mkapika, mkateka maji, mkamshika shemeji Renatha asianguke.

Placidius, mwana wa Yustus Byarugaba, kazi umemaliza, na lililokuwa limekukaba tumelisema kwa niaba yako. Pumzika sasa kwa amani.