Msimsubirishe kwa Ajili Yangu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe mjukuu wangu kaa hapa kitandani miguuni pangu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kugawa kama maji ya mtungi mmoja, na sitaki kusema jambo mara mbili. Daktari amezungumza na Mkubwa hapo nje kwa sauti ya chini, akidhani mzee akifumba macho na masikio yanaziba. Nimesikia. Sina ubishi naye.

Nyumba hii msiiuze. Vyumba viwili vya mbele ni vya Mkubwa, chumba cha nyuma na jiko ni vyako wewe Mshonaji, kwa kuwa cherehani yako imeshalizoea dirisha lile, na ua ni wa wote, asije mtu akapandisha ukuta katikati. Ngazi iliyoegemea choo si yetu. Ni ya seremala jirani, niliiazima mjukuu huyu hajaota meno, na yule bwana ana haya mno, kila akija kunijulia hali anaitazama, anakohoa, kisha anauliza habari za miguu yangu. Mrudishieni. Na shangazi yenu, wifi yangu, aliyenisema mtaa mzima kwamba mwanamke anayepanda kiunzi cha ujenzi anatafuta kutazamwa, akija msimnunie. Mpeni kiti kizuri. Tangu miguu yake ikatae amebaki na mdomo tu, na mdomo nao unachoka.

Sasa sikilizeni lililonifanya niwaite.

Shule ya huko chini barabarani wamemwita huyu mjukuu wangu, mtoto wa marehemu dada yenu, akawapigie lipu madarasa mapya, yeye mwenyewe kama fundi, si kibarua wa mtu, na mwalimu mkuu anataka jibu leo kabla hajafunga ofisi, la sivyo anamwita fundi mwingine. Jana mlidhani nimesinzia. Nilimsikia Mkubwa akimwambia: "Subiri kwanza, mama. Bibi yako yuko hivi, halafu wewe uko juu ya kiunzi, watu watatuonaje?" Na Mshonaji naye: "Kazi hazikimbii. Olewa kwanza, utulie, kisha utazipiga hizo lipu mpaka uzichukie." Mtoto wa watu akajibu, "Sawa, mama mdogo. Sawa, mjomba." Ile sawa yake ndiyo iliyoninyima usingizi, maana naijua, niliisema mimi miaka na miaka.

Nilikuwa nikichota maji na kukoroga saruji kwa fundi mmoja tuliyemwita Timazi, kwa vile alikuwa mwembamba, kanyooka kama uzi wa kupimia ukuta, na hakuinamia mtu. Moyo wangu wote ulikuwa kwenye mwiko wake. Nikamweleza mama mkwe, akasema, "Zaa kwanza, mwanangu, ukuta hauna miguu." Nikazaa. Nikamweleza baba yenu, akasema, "Ngoja watoto waache kunyonya." Wakaacha. Akaja na ngoja waanze shule. Hawakuwa watu wabaya, walinipenda, na anayekupenda ndiye fundi wa kukuchelewesha, kwa sababu adui akikwambia ngoja utambishia.

Basi siku moja Timazi akaitwa nyumbani ghafla, mkewe kashikwa na uchungu, akaacha rundo zima la saruji limeshakorogwa. Saruji ikishatiwa maji haijui neno ngoja. Nikautwaa mwiko, nikapiga chumba kizima, naimba. Kesho yake akarudi, baba wa mtoto wa kike, akaugonga ukuta wangu kwa kipini cha mwiko, ukalia kama debe tupu. Kwa haraka yangu sikuyalowesha matofali, na tofali kavu hunywa maji yote ya lipu, lipu isishike. Vibarua wakacheka: "Leo mama katujengea ngoma." Nikachukua ndoo yangu niende zangu. Timazi akaniuliza, "Unakwenda wapi? Kibarua akiharibu huambiwa nenda nyumbani. Fundi akiharibu huambiwa bandua, rudia. Bandua." Nikabandua kutwa, vidole vinachubuka, na sijapata kufurahi vile hata siku ya harusi yangu, baba yenu anisamehe huko aliko.

Wazee walisema subira yavuta heri, na sikatai, lakini wazee haohao walisema ngojangoja huumiza matumbo, kwa hiyo nao hawakusikilizana. Mimi nasema subira ni ya lipu kukauka, si ya kuanza kuipiga. Na wewe mjukuu wangu utakosea, usijidanganye. Kazi ikiwa yako, ukiiharibu utataka kuirudia. Ikiwa si yako, utatafuta njia ya kwenda nyumbani. Mwiko, pima maji na ile mbao ya kusawazishia viko chini ya kitanda hiki. Ni vyako, na mtu asiviweke kabatini eti kumbukumbu.

Mkubwa, usinifanye mimi kufuli ya mtoto huyu. Nikifa yeye yuko juu ya kiunzi, amalize saruji iliyokorogwa ndipo aje. Atanikuta. Maiti hana haraka.

Haya, ofisi ile hufungwa mapema. Inuka, mama. Hapana, usinikumbatie, utaanza kulia, ukifika kwa mwalimu mkuu na macho mekundu atadhani umekuja kuomba. Nenda, yaliyobaki ni ya hawa. Mkubwa, mpishe.

Nipeni maji. Kidogo tu... basi. Mungu awape mikono isiyokosa kazi, wanangu, awape na usingizi baada ya kazi. Msigombane... vitu ni vitu tu. Nikifumba macho msipige kelele, majirani wamechoka. Mshonaji, nishike mkono, sioni vizuri upande ule wa mlango. Nimewaridhia wote, kila mmoja na... na njia yake.

Amekwenda?

Haya. Haya, wanangu.